Upande wa Wasafiri

Mama alisema tu: ng'ambo.
Hakusema kanisa, hakusema kwetu.
Ng'ambo, kama mtu anayetaja nchi ya theluji,
ilhali ng'ambo tuliiona dirishani kila tulipokula:
kuba jekundu, msalaba, kunguru juu ya msalaba.
Nauli ya kivuko ni sarafu tano.
Nimeilipa leo, nina miaka hamsini na mitatu.

Vichochoro vya huku, wapitao wawili
hupishana kwa ubavu, mmoja akibana pumzi.
Nyumba za mbao. Bikira ndani ya kijumba cha kioo,
maua ya plastiki, paka juu ya pikipiki iliyotoka kuzimwa.
Na harufu ya mayai ya bata na sukari:
keki za Wareno, husema wenyeji,
ingawa Wareno wenyewe walikwisha kuyeyuka zamani
wakabaki kwenye pua ya huyu, kwenye nyusi za yule.
Makaa chini ya chungu, makaa juu ya mfuniko.
"Moto wa upande mmoja hauivishi," muuzaji akanieleza,
nami sikuwa nimeuliza.
Nikanunua sita. Nikala moja nikitembea.
Zabibu tatu. Mama angezichomoa kwanza,
azipange ukingoni mwa sahani,
azile mwisho, mojamoja, bila kututazama.

Kanisani miguu yangu haikujua la kufanya.
Mimi ni wa hekaluni: najua kuvua viatu,
najua kuketi sakafuni nikificha nyayo.
Hapa viatu ruhusa, na mabenchi yana migongo.
Dari la buluu, nyota za dhahabu,
moja imebanduka, imebaki gundi yake.
Feni zinazungusha hewa ileile tangu asubuhi.
Nilisimama nyuma, karibu na maji yao.
Sikuyagusa.

Saowanee, mtunza funguo,
alikuwa akisikiliza bahati nasibu redioni.
"Ngoja. Bado tarakimu mbili."
Hakushinda. Akainuka.
"Jina la mama?"
Amphai.
"La ubatizo."
Hapo nikakwama.
Mtoto wa tumboni mwake, na jina lake silijui.
Nikamtajia bibi badala yake: mwoka keki,
yule mwenye kidole gumba kilichoungua.
"Aa," akasema. "Basi ni Filomena."

Filomena.
Nililitamka polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi wa mwenzake.

Akaleta daftari la nia za misa,
pembe zake zimeliwa na mende.
Nilijua nitakachokikuta.
Mama alipovuka mto kuolewa na baba,
bibi alisimama mlangoni akatangaza: mwanangu amekufa.
Majirani walisikia. Mama alisikia.
Nikatafuta upande wa marehemu, mwaka baada ya mwaka.
Hayumo.
Saowanee akalamba kidole, akageuza.
"Tafuta huku."
Wasafiri.

*Kwa Filomena, aliye safarini. Ishirini.*
*Kwa Filomena, aliye safarini. Ishirini.*
Mapadre wakabadilika, na mwandiko nao.
Bei ikapanda, arobaini, mia.
*Aliye safarini.*
Mara thelathini na moja, hadi bibi mwenyewe
alipohamia upande ule mwingine wa daftari.

Safari gani, bibi? Dakika nne!
Ukitoka kwenye ngazi hizi unaliona dirisha letu,
unaona hata nguo zilizoanikwa.
Ulikuwa ukihesabu kanga zake? Ulikuwa ukihesabu nepi zangu?
Na kengele yako ilipolia saa kumi na mbili
kisu cha mama kilisimama juu ya kitunguu.
Kila jioni. Tukadhani ni machozi ya kitunguu.

Nikauliza misa sasa ni kiasi gani.
Saowanee akafungua kalamu.
Mama alifariki mwezi wa tatu, nikamwambia.
"Nimwandike upande upi?"

Kivuko kilikuwa kikipiga honi.
Nikampa keki. Akaichomoa zabibu,
akaila, akanitazama.
Kalamu ilikuwa bado wazi.